Ubao Ndio Unaotembea

Msumeno wa mkono hutembea juu ya ubao uliotulia. Seremala anaukanyaga ubao au anaubana kwenye jiliwa, kisha anasukuma na kuvuta. Katika msumeno wa nakshi wa umeme mambo yamegeuka. Bledi yenye upana wa milimita moja hivi imekazwa wima kati ya mikono miwili ya chuma, inapanda na kushuka pale pale, na ubao ndio unaotembea. Vidole vinausogeza, vinauzungusha, vinaurudisha nyuma kidogo, vinaupeleka tena, na mchoro uliobandikwa juu yake unapita mbele ya meno mstari kwa mstari. Anayeanza kujifunza anataka kukata, na mashine inamjibu kila mara kwamba kukata si shughuli yake. Bledi inajua kukata. Yeye aongoze.

Naisifu mashine hii nikiwa Ruanda, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, mahali ambapo sifa hizo zinahitaji maelezo. Ruanda inajulikana kwa makaa ya mawe. Mgodi wa Ngaka uko katika kijiji cha Ntunduwaro, ndani ya kata yetu, na tangu uchimbaji uanze mwaka 2011 malori yanapita kuelekea Kitai na barabara kuu, yakiwa na mzigo wa kuwasha matanuri ya viwanda vya saruji. Upande wa pili barabara inateremka hadi Lituhi na bandari ya Ndumbi, kwenye Ziwa Nyasa. Milima ya Matengo inatoa kahawa kwa magunia, na miti yetu inaondoka ikiwa mbao na magogo. Chenye thamani hapa huondoka kwa wingi, hupimwa kwa tani, na aghalabu huondoka kikiwa ghafi. Thamani ya pili, ile inayotokana na mkono wa fundi, hupatikana kwingine.

Ndiyo maana napenda chombo kinachopima kwa milimita. Msumeno wa nakshi unakula vipande ambavyo seremala huviacha chini ya benchi: kona za mninga zilizobaki baada ya fremu ya mlango, ncha za mgrivea, mabaki ya mkangazi yasiyotosha hata mguu wa stuli. Kwa kawaida vitu hivyo huishia jikoni, chini ya sufuria ya maharage. Kwa mwenye mashine hii, kipande cha upana wa kiganja ni mali kamili.

Mashine yangu ni ya mtumba, imetoka Uingereza, na hilo lina manufaa yake. Umeme wa Uingereza na wa kwetu unalingana, volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa. Anayenunua mashine iliyotoka Marekani anapata chombo cha volti 120 na mizunguko 60. Transfoma itashusha volti, lakini mizunguko haitaigusa, na mota nyingi za mashine hizo zitakwenda taratibu zaidi, zikifikia sehemu tano kati ya sita za mwendo wake wa asili. Si balaa kwa anayejifunza, maana mwendo mdogo humfaa, lakini ni vizuri ajue kabla hajatoa fedha. Jambo jingine la kutia moyo ni kwamba mashine ndogo ya aina hii hutumia kama wati 100, kiasi cha balbu moja ya zamani. Kabla njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako haijafika Songea mwaka 2018, mkoa huu uliendeshwa kwa sehemu kubwa na majenereta ya dizeli, na fundi wa kijijini alizoea kufikiri kwamba mashine ni kitu cha mjini. Hii inaweza kuendeshwa hata na sola yenye betri nzuri na inveta.

Na kabla ya mota kulikuwa na miguu. Mwishoni mwa karne ya 19 mashine za namna hii zilikanyagwa kama cherehani. Kampuni ya Hobbies, iliyokuwa Dereham katika jimbo la Norfolk, iliwauzia Waingereza wa kawaida mashine hizo pamoja na michoro ya kukata, na watu wakatengeneza rafu, fremu za picha na masanduku ya saa wakiwa majumbani mwao jioni baada ya kazi. Kwa hiyo tangu mwanzo huu ulikuwa ufundi wa mtu asiye na karakana kubwa.

Mashine iliyotumika ina faida moja ambayo mpya haina: kasoro zake zimekwisha kujitokeza, na mnunuzi mwenye subira anaweza kuzisikia. Iwashe bila bledi, uisikilize. Ushike mkono wa juu uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, bering au bushi zimelika, na bledi haitasimama wima hata ufanye nini. Tazama skrubu zinazobana bledi, maana hizo ndizo hulika kwanza. Kutu ya mezani isikutishe. Msasa laini huiondoa, na ukipaka nta ya nyuki na kuisugua kwa kitambaa, ubao utateleza juu ya chuma bila kukwama. Kile kiriba kidogo cha mpira kinachopuliza vumbi juu ya mstari mara nyingi hufika kimepasuka. Pampu ndogo ya hewa na kipande cha mpira wa dripu vinatosha kuziba nafasi yake, na mtu asidharau jambo hilo, maana mstari usioonekana haufuatiki.

Kisha bledi. Hapa ndipo mwanafunzi wa huku Mbinga anapopata shida ya kweli, kwa sababu maduka ya vifaa vya ujenzi hayaziweki. Ziko za aina mbili. Moja ina pini iliyokingama kila mwisho na huingizwa kwenye ndoano. Ya pili haina kitu, ni ncha tupu zinazobanwa kwa skrubu. Yenye pini ni rahisi kufunga, lakini inadai tundu kubwa la kupitisha pini, na kwa nakshi nyembamba tundu hilo ni jeraha. Mashine inayokubali ncha tupu ni bora mara nyingi zaidi, kwa sababu ambayo mtu wa Ruvuma anapaswa kuifurahia: bledi za masonara, zile wanazokatia fedha na dhahabu, nazo zina ncha tupu, na urefu wake ni milimita 130 au karibu na hapo, sawa kabisa na mashine hii. Mkoa wenye yakuti za Tunduru hauko mbali na watu wa mikufu na pete. Meno ya bledi za sonara ni madogo mno kwa ubao mnene, hujaa unga na kuunguza, lakini kwa kipande chembamba zinapita vizuri ajabu. Kwa ubao wa kawaida, namba hufuata unene: namba 2 au 3 kwa plaiwudi ya milimita tatu, namba 5 kwa kazi nyingi za kila siku, namba 7 au 9 kwa mninga wa sentimita mbili.

Bledi ikifungwa lazima ikazwe, na kipimo cha mkazo ni sikio. Igonge kwa kucha. Iliyolegea hutoa mlio mzito uliokufa, iliyokazwa hulia kwa sauti nyembamba na safi. Iliyolegea inapinda ndani ya ubao bila wewe kuona, na kipande kikigeuzwa, upande wa chini mstari umehama. Kuna kipimo kingine nakipenda kwa sababu hakihitaji kifaa chochote. Chukua kipande kinene, kikate kidogo ukingoni, kitoe, kizungushe ukipeleke nyuma ya bledi, kisha ujaribu kuuingiza mgongo wa bledi ndani ya ule mkato. Ukiingia bila kukwama, meza na bledi zimesimamiana sawasawa. Usipoingia, meza imeinama.

Jambo linalowasumbua wengi siku za mwanzo ni kwamba ubao ukisukumwa moja kwa moja, mstari unakwenda upande. Mikono haina hatia. Bledi nyingi hutengenezwa kwa namna inayoacha ukali kidogo upande mmoja wa meno, na upande huo unakula zaidi ya mwenzake. Dawa ni kuuelekeza ubao kwa pembe ndogo kushoto au kulia, kadiri bledi inavyotaka, na kuushikilia hivyo kwa safari nzima ya mstari. Baada ya muda mwili unajipanga wenyewe, kiti kinasogezwa kidogo pembeni, na mtu anasahau kwamba jambo hili liliwahi kuwa gumu. Na haraka haina nafasi hapa. Ukisukuma, bledi inapinda kwenda nyuma, inapata moto, inakatika kwa mlio mkali. Kona kali haikatwi kwa nguvu pia. Unafika kwenye kona, unarudi nyuma kidogo kiasi meno yasiguse ubao wa mbele, unauzungusha ubao kwenye mgongo wa bledi, kisha unaendelea. Kwa fundi wa milango aliyezoea kumaliza mambo kwa bega, hii ni elimu mpya ya mwili mzima.

Usalama wake ni mkubwa kuliko wa misumeno mingine ya umeme, na ndiyo sababu namwona kijana akianzia hapa bila hofu nyingi. Ubao haurushwi. Usipoukandamiza vizuri, unanyanyuka na kupigapiga meza kwa kelele ya kutisha, basi. Hatari inayodharauliwa ni vumbi. Unga wa mvule na wa mninga ni laini sana na huwasha pua, macho na kifua, na fundi anayefanya kazi ameinamia mstari anauvuta wote. Barakoa na dirisha wazi si anasa.

Seremala mmoja mzee wa hapa Ruanda, aliyefundishwa zamani kwa randa na patasi, alisimama akitazama mashine kwa muda mrefu. Nilimwamkia, nikampa kiti, hakukaa. Akaokota kipande cha mgrivea nilichokuwa nimekichorea, akakielekeza kwenye mwanga, akasema, "Mwanangu, nyuzi za mti zimelala huku, na wewe umechora shingo ya samaki ikikingamana nazo. Shingo itavunjika." Alikuwa sahihi, kama wanavyokuwa sahihi wazee wote waliokata mbao kwa mkono. Katika nakshi ya kutoboa, sehemu nyembamba zinazobaki ndizo zinazoshikilia kazi nzima, na lazima zilale pamoja na nyuzi. Mashine haimwondolei mtu haja ya kuujua mti. Inamhitaji aujue zaidi, kwa kuwa inamruhusu kuacha wembamba ambao msumeno wa mkono usingeuthubutu. Mgrivea ndio mti ninaoupenda kuliko yote kwa kazi hii. Wakulima wa kahawa huupanda kwa kivuli, unapunguzwa matawi na kukatwa mara kwa mara, na ubao wake ukipasuliwa kufuata mialo ya ndani unaonyesha madoa yanayong'aa ambayo hakuna vanishi inayoweza kuyaiga.

Somo la mzee lilinirudia nilipotafuta mchoro ambao si wa kununua. Michoro inayouzwa na mashine hizi ni ya paa wa theluji, malaika na majani ya miti ya Ulaya. Wamatengo, wenyeji wa milima yetu, wana mchoro wao, na wameuandika juu ya ardhi. Ni ngoro. Kwenye miteremko mikali nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunikwa juu ya nyasi, na mlima mzima unakuwa wavu wa matuta na mashimo. Maharage na mahindi huota juu ya matuta, maji ya mvua yanatulia mashimoni, nyasi zinaoza na kuwa mbolea. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na cha Kyoto walikuja kuujifunza mfumo huu, na walichokuta ni kilimo kilichoweza kuhifadhi mteremko mkali kwa jembe la mkono tu. Kwa mkataji wa nakshi, ngoro ni mchoro mkamilifu: mashimo yanatobolewa, matuta yanabaki, na hakuna tuta lililo peke yake bila kushikwa na jingine.

Ila nyuzi za mti haziwezi kulala pande mbili. Wavu wa miraba ukichorwa sambamba na kingo za ubao, nusu ya matuta yatakuwa salama na nusu nyingine yatavunjika kwa kuguswa. Jibu ni kuulaza mchoro mshazari, matuta yote yapite kwa pembe ya nyuzi 45. Hakuna tuta litakalopata nguvu yote ya mti na hakuna litakaloikosa. Yakiachwa na unene wa milimita tano au sita, yanashika vizuri.

Katika mchoro huo wa mashimo na matuta pia ndipo nilipoielewa kazi ya André-Charles Boulle, fundi wa samani wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1732. Boulle alikuwa akibandika pamoja bamba la shaba na bamba la gamba la kasa, kisha anayakata yote mawili kwa mchoro mmoja, kwa bledi nyembamba ya mkono. Yakitenganishwa, anapata maua ya shaba na maua ya gamba, uwanja wa shaba na uwanja wa gamba. Anavibadilishana. Kabati moja linakuwa na shaba juu ya gamba, la pili gamba juu ya shaba. Hakuna kilichotupwa. Huku kwetu kasa amelindwa, na anastahili. Mninga na mgrivea zinatosha.

Chukua ubao mwembamba wa mninga na wa mgrivea wa ukubwa mmoja, uzibane pamoja kwa gundi ya karatasi pembeni. Chora ngoro yenye mashimo 12, kila shimo likiwa duara badala ya mraba, maana tuta la ngoro likishapigwa na mvua halina kona kali hata hivyo. Toboa kila duara kwa keekee ya milimita moja, juu ya mstari wenyewe, si katikati, ili kinachotoka kibaki kizima. Hapa ncha tupu zinaonyesha thamani yake, kwa kuwa bledi yenye pini isingepita. Legeza bledi juu, ipitishe tunduni, ikaze, kata duara, izime mashine, legeza tena. Mara 12. Ni kazi ya asubuhi nzima, na ni asubuhi nzuri. Ukimaliza una mbao mbili za ngoro, moja nyekundu na moja ya rangi ya asali, za kuweka kwenye mlango wa kabati au tundu la hewa juu ya dirisha. Na mezani kuna vidonge 24: vyekundu 12, vya rangi ya asali 12. Hizo ni kete kamili za drafti. Vijana wanaosubiri abiria stendi huchezea vifuniko vya soda, upande mmoja umelala, mwingine umegeuzwa. Wakipewa kete za mninga hawazirudishi.

Pwani waliutambua uzuri wa ubao uliotobolewa muda mrefu kabla yetu. Roshani za Zahanati ya Zamani ya Unguja, jengo ambalo mfanyabiashara Tharia Topan aliliwekea msingi mwaka 1887, zinaonyesha mbao zilivyoweza kufanywa nyepesi zikapitisha upepo wa bahari na bado zikabeba watu. Ruvuma hatuna roshani za namna hiyo. Tuna shule, na kwa shule mashine hii ina kazi nyingine.

Mnamo miaka ya 1760, mchora ramani wa London aliyeitwa John Spilsbury alibandika ramani juu ya ubao, akaukata kwa kufuata mipaka ya nchi, akauza vipande ndani ya sanduku ili watoto wajifunze jiografia kwa kuvipanga. Huo ndio unaotajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa michezo ya kupanga picha. Nadhani hakuna kazi inayomfaa zaidi mwanafunzi wa mashine hii kuliko ramani ya mkoa wake. Ruvuma ina wilaya tano: Nyasa, Mbinga, Songea, Namtumbo na Tunduru. Vipande vitano vikubwa, rahisi kushikwa na mkono wa mtoto wa chekechea. Kusini mstari unafuata Mto Ruvuma kwa sehemu kubwa, na bledi inafurahia mto kwa sababu hauna kona za mraba. Kati ya Mbinga na Nyasa, wilaya zilizokuwa moja kabla ya kugawanywa, mkato unapita kwenye miteremko inayoshuka ziwani, na ni mkato mtamu kuufuata polepole.

Kwenye ziwa ndipo mkataji analazimika kufikiri. Malawi inashikilia kwamba mpaka uko ufukweni kwetu, kwa kuutegemea mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Tanzania inasema uko katikati ya maji, na ramani zetu za shuleni huonyesha hivyo. Mchoraji anaweza kuweka nukta-nukta akaliacha suala hilo kwa wanadiplomasia. Msumeno haukati nukta-nukta. Bledi ikiingia lazima itokee mahali fulani, na kipande kinachotoka kina ukingo ambao mtoto ataugusa kwa kidole. Nimeupitisha mkato katikati ya ziwa, kwa bledi namba 3, nikaacha maji yabaki kwenye kipande cha Nyasa: mbele ya Lituhi, mbele ya Liuli, mbele ya Mbamba Bay, pale wavuvi wa usipa na mbasa wanapofanya kazi kila usiku. Kipande hicho ni kikubwa kuliko watoto wanavyotarajia, na wanapokiweka mahali pake wanauliza kwa nini upande wa pili wa ziwa haumo sandukuni. Huo utahitaji ubao mwingine, na mgrivea upo.